Nyumba ya Shafani

(Hotuba ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kwa viongozi wa vikundi vya kujifunza Biblia, mkoani Geita)

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji wetu, wazee wenzangu, wainjilisti, akina mama mlioacha masufuria jikoni, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri gari: wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni. Wengine, marahaba, nimeitikia kabla hamjasalimu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kukua katika hekima kwa kujifunza Maandiko, na nimepewa dakika 40. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi. Dakika 40 ni kipindi kimoja, na katika kipindi kimoja mtoto hashiki mambo matano. Akishika moja, mshukuru Mungu. Kwa hiyo leo nimebeba mstari mmoja tu.

Yeremia 29:11. Najua wengi wenu hamna haja hata ya kufungua. Uko kwenye kadi za harusi, uko kwenye vioo vya nyuma vya Hiace, uko kwenye simu zenu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mmeusema pamoja nami, na wengine mmenitangulia. Vizuri. Sasa niwaulize: mstari wa 10 unasemaje?

Naona kimya. Msione aibu, mimi nami nilikaa kimya hivyo hivyo nikiwa tayari mzee wa kanisa. Ngoja niwasimulie.

Alikuja nyumbani kijana wa jirani, mtoto niliyemfundisha kusoma kwa mkono wangu mwenyewe. Baba yake alikuwa amefariki, akamwachia ng'ombe watatu. Wenzake walikuwa wanafungua duara, shimo la kuchimba dhahabu, wanataka mtu wa kuchangia mtaji. Moyo wake haukutulia. Akaniuliza, "Mama mwalimu, Mungu anasemaje kuhusu jambo hili?" Swali kama hilo mtu akikuuliza, kaa chini kwanza. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Hata mikono sikunawa nifungue kitabu. Nikamwambia hapo hapo, "Mungu anayajua mawazo anayokuwazia, ni mawazo ya amani. Nenda, huu ni mwaka wako." Hayo ya "huu ni mwaka wako" Yeremia hakuyaandika. Niliyasikia kwenye mikutano, yakanikaa mdomoni, nikayashonea kwenye Neno kama kiraka.

Akauza ng'ombe. Wakachimba miezi minane. Maji yakajaa duarani, pampu ya kukodi ikala hela iliyobaki. Siku aliporudi kwangu hakuja kwa hasira. Angekuja kwa hasira ningejitetea. Alikaa kwenye kigoda kile kile akasema, "Mama, lile neno ulilonipa limeandikwa wapi? Nataka nilisome mwenyewe."

Usiku ule niliisoma Yeremia 29 yote, kuanzia mstari wa kwanza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaona kwamba ni barua.

Jamani, ni barua! Ina mwandishi, ina wanaoandikiwa, ina wanaoipeleka. Mimi nilikuwa nimechomoa sentensi moja katikati ya barua ya watu wengine, nikampa mtoto wa watu auze nayo ng'ombe.

Wanaoandikiwa ni mateka. Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme Yekonia kutoka Yerusalemu, mwaka wa 597 kabla ya Kristo, pamoja na mama yake, wakuu wa Yuda, mafundi na wafua chuma. Watu wameshaona mji wao ukivuliwa heshima. Wako Babeli, wamekaa juu ya mizigo, na swali lao ni moja: tunarudi lini?

Rudini nyuma kidogo, sura ya 28, mkutane na mtu aitwaye Hanania. Huyu alikuwa na jibu zuri. Alisimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na mfalme atarudi, na mateka wote watarudi. Miaka miwili! Mtu anayesema hivyo leo, uwanja hautoshi. Halafu akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja watu wakiona. Na hapa nawaomba vijana mniangalie: Yeremia alifanya nini? Kwanza alisema Amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha akakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitokea. Na nira ilipovunjwa, Biblia inasema Yeremia akaenda zake. Basi. Hakuwa na neno jipya, akaenda zake. Neno lilimjia baadaye, akarudi nalo, na Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Nabii mzima alikubali kuondoka bila jibu mbele ya umati, mimi nikashindwa kuliacha swali la kijana mmoja likae hata hadi mchicha uive.

Sasa mstari wa 10, ule mliouruka: Babeli itakapotimiziwa miaka 70. Pigeni hesabu. Mtu mwenye miaka 30 aliyesomewa barua ile, asingerudi. Mwenye 20, angerudi na mkongojo, kama angerudi. Ahadi ya mstari wa 11 ilitolewa kwa watu ambao wengi wao wangezikwa Babeli, na bado Mungu anasema mawazo yake kwao ni ya amani. Ndiyo maana kabla ya ahadi kuna maagizo: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, ozeni, kautakieni amani mji ule mkauombee. Ni maneno ya mtu anayejua kwamba safari ni ndefu. Hapo hapo, mstari wa 8, anawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao.

Kijana wangu angeisoma barua hii nzima kabla ya kuuza ng'ombe, labda angechimba vile vile. Biblia haimkatazi mtu kufungua duara. Lakini asingechimba akidhani Mungu amemsainia mkataba wa mwaka mmoja.

Mithali 2 inatuambia tuutafute ufahamu kama fedha, na kuutafutia sana kama hazina iliyositirika. Nikiusoma mstari huo Dar es Salaam, lazima nieleze. Hapa Geita, nikiwa mbele ya wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa na Nyarugusu, mimi ndiye napaswa kuelezwa. Mnajua tofauti ya kuokota na kuchimba. Mtu anaweza kupita baada ya mvua akaokota kipande kinang'aa juu ya udongo, akafurahi siku hiyo. Hakuna aliyejenga nyumba kwa kuokota. Wengi wetu tunaokota mistari: Jumapili mmoja, msibani mmoja, kwenye simu asubuhi mmoja. Inang'aa, lakini hatujui imetoka kwenye mwamba gani.

Jambo jingine mnalijua kuliko mimi: marudio. Mawe yanapita kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, unga unaoshwa kwenye mialo, zebaki inakamata inachokamata, na kinachobaki kinamwagwa lundo. Mtu asiyejua anaona uchafu. Lakini wenye mitambo ya sayanaidi wanakuja kununua lundo hilo, kwa sababu wanajua zebaki iliacha dhahabu nyingi humo ndani. Sura ulizozisoma ukamaliza, ukaweka tiki kwenye ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka mmoja, hizo ni marudio yako. Zirudie. Mimi Yeremia 29 nimeirudia sijui mara ngapi, na ilikuwa kama mara ya nne au ya tano nilipoona mstari wa 3, ambao siku zote niliupita kwa sababu ni majina tu.

Majina! Tukifika kwenye majina tunakimbia kama tumemwona mdai. Mstari wa 3 unasema barua ilipelekwa kwa mkono wa Elasa, mwana wa Shafani, na Gemaria, mwana wa Hilkia. Wajumbe wa serikali hao, mfalme Sedekia alikuwa amewatuma kwa Nebukadreza, na barua ya Yeremia ikasafiri kwenye mkoba wao. Ni nani huyu Shafani, ambaye mwanawe anakubali kubeba barua ya nabii asiyependwa?

Nikafanya kazi ambayo kila mmoja wenu anaweza kuifanya kwa kalamu na daftari la kurasa 40: kulifuata jina. Wengine mna simu zenye Biblia, unaandika Shafani, inakuletea zote. Mimi nilifunua kurasa.

Shafani anaonekana kwanza 2 Wafalme 22. Ni mwandishi wa mfalme Yosia, mwaka wa 18 wa kutawala kwake, kama mwaka wa 622 kabla ya Kristo. Ametumwa hekaluni kwa habari za fedha za mafundi wanaotengeneza jengo. Kuhani Hilkia anamwambia, "Nimekiona kitabu cha torati katika nyumba ya Bwana." Angalieni alichofanya: akakisoma, kabla ya kukipeleka popote. Kisha akaenda kwa mfalme, akatoa kwanza taarifa ya fedha, mtumishi wa serikali huyo, halafu akasema kuhani amenipa kitabu, akakisoma tena mbele ya mfalme. Yosia akararua mavazi yake. Akatuma watu waulize kwa Bwana, na miongoni mwa waliotumwa yumo Shafani na yumo Ahikamu mwanawe. Wakaenda kwa nabii mwanamke, Hulda, mke wa Shalumu. Akina mama, Hulda huyo naye mkamsome wenyewe, nikianza kumsema mimi dakika zangu zitakwisha.

Miaka kama 18 inapita. Mfalme sasa ni Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Yeremia 36: gombo la Yeremia limeandikwa na Baruku, linasomwa hekaluni, na chumba lilimosomewa ni cha Gemaria, mwana wa Shafani. Mtoto mwingine. Akina Gemaria ni wawili katika habari hii, msiwachanganye. Mimi niliwachanganya mwezi mzima. Gombo likafikishwa kwa mfalme. Ni mwezi wa tisa, wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Kila zikisomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu anatupa motoni, hadi gombo lote likateketea. Baba alisikia kitabu akararua nguo, mwana amesikia kitabu akakikata kitabu. Na nani walimsihi mfalme asilichome? Watatu wametajwa kwa majina, na mmoja ni Gemaria, mwana wa Shafani. Mfalme hakumsikiliza, lakini Gemaria alisema.

Ahikamu je? Yeremia 26. Makuhani na manabii wanataka Yeremia auawe. Katika sura hiyo hiyo kuna nabii mwingine, Uria, aliyekimbilia Misri, akafuatwa, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Kwa hiyo hatari haikuwa ya maneno tu. Yeremia akapona kwa sababu Ahikamu, mwana wa Shafani, alisimama naye. Na Yerusalemu ulipoanguka, Gedalia, mwana wa Ahikamu, mjukuu, ndiye aliyekabidhiwa Yeremia akae naye.

Mnaona ninachokiona? Mzee mmoja alipewa kitabu akakisoma. Watoto wake wakakua katika nyumba ambamo kitabu kile kilikuwa kinazungumzwa. Siku ya hatari mmoja akamlinda nabii asiuawe, mmoja akatoa chumba na kumsihi mfalme, mmoja akabeba barua hadi Babeli. Biblia haituambii kwamba hata mmoja wao alihubiri. Walijua tu la kufanya wakati watu wengine walikuwa wanaangalia mfalme anataka nini. Mimi ukiniuliza hekima ni nini, siku hizi naanzia hapo.

Sasa ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi, lakini nitakuwa narudia kosa la mchicha. Fungueni Ezekieli 8, mstari wa 11. Wazee 70 wa Israeli wamesimama gizani, kila mmoja na chetezo mkononi, wanafukizia sanamu zilizochorwa ukutani. Katikati yao ametajwa mmoja kwa jina: Yaazania, mwana wa Shafani. Wasomaji wengi wameona kwamba ni wa nyumba ile ile. Nilipoukuta mstari huo niliifunga Biblia. Nilikuwa nimeshaandaa somo zuri kwa wazazi, lenye mwisho mzuri, na Yaazania akaliharibu. Nina mtoto wangu mwenyewe ambaye hajakanyaga kanisani kwa muda mrefu, wengine mnajua. Nilitaka kumruka Yaazania kama nilivyouruka mstari wa 10. Nikaona hapana, yumo. Kusoma kwa bidii kuna hilo ndani yake, unakuta na usichokitafuta.

Ndugu, Ayubu 28 inawasifu wachimbaji kuliko sura yoyote ninayoijua. Wanaingia gizani, wananing'inia mbali na watu, wanapasua miamba, wanavitoa nje vilivyofichwa. Halafu inauliza, hekima itapatikana wapi? Haiko shimoni, haiuzwi kwa dhahabu. Mungu ndiye ajuaye njia yake. Na Mithali 2, ile inayotuambia tuchimbe, mstari wa 6 inasema Bwana ndiye huwapa watu hekima. Nimefundisha hesabu, najua hili halilingani vizuri: nichimbe, au nipewe? Aliyenisaidia ni Danieli. Sura ya 9, Danieli mzee, yuko Babeli, na anasema kwa kuvisoma vitabu alifahamu hesabu ya miaka ambayo neno la Bwana lilimjia Yeremia, miaka 70. Danieli, mfasiri wa ndoto, aliyetulia kati ya simba, anakaa anasoma kitabu cha nabii mwenzake! Na alipofahamu hakutangaza tarehe. Aliuelekeza uso wake kwa Bwana, kwa kufunga na nguo za magunia, akaungama: tumefanya dhambi. Kusoma kulimpeleka magotini, na huko magotini ndiko alikojiwa na Gabrieli akapewa akili za kufahamu. Mimi tangu hapo sijatenga tena kuchimba na kupewa.

Nimalizie na vikundi vyenu, maana mnataka la kwenda nalo.

Wale wa Beroya, Matendo 17:11, Biblia yetu ya Union inawaita waungwana kuliko wa Thesalonike. Neno hilo watu wa pwani wanalijua uzito wake. Muungwana zamani alikuwa mtu aliye huru, asiye mtumwa wa mtu. Uungwana wa Beroya ulikuwa nini? Walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Aliyekuwa anachunguzwa ni Paulo! Na hakununa. Kwa hiyo mtu akija kwenye kikundi chako na ufunuo, hata akiwa ameshuka kwenye gari kubwa, mpe kiti, mpe soda, na mfungue Biblia mbele yake. Akinuna, mmeshajua jambo.

Acheni kuruka-ruka leo Warumi, kesho Zaburi. Shikeni kitabu kimoja, miezi mitatu. Kisomwe kwa sauti, kwa sababu wako wazee ambao macho hayaoni tena na mama ambaye hakupata shule. Wakati wa Ezra watu walisimama tangu mapambazuko hadi adhuhuri wakisomewa na kuelezwa maana, hata wakayafahamu yaliyosomwa. Mkiwa na Biblia ya Habari Njema, isomeni pamoja na Union. Mkiwa na Biblia ya Kisukuma, bibi aisome, mtashangaa neno mlilobishania nusu saa yeye analicheka. Na waacheni watoto waulize. Bwana wetu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kama yeye aliuliza, kijana wako akiuliza Kaini alipata wapi mke, usimwambie ana pepo.

Yule kijana wa ng'ombe, mtaniuliza. Yupo. Hana duara, ana bustani ya nyanya na vitunguu kando ya mto. Sikumshauri mimi, mimi nilikuwa nimeshakoma kushauri. Mwaka jana aliniletea kapu akaniambia, "Mama, mstari wa 5." Nikacheka mpaka nikalia.

Kazi ya nyumbani, maana mwalimu haachi tabia yake. Katika nyumba ya Shafani yuko mjukuu mmoja ambaye sijamtaja leo. Siku gombo liliposomwa alikuwepo, akasikia maneno yote, akashuka kwenda nyumbani mwa mfalme, kwenye chumba cha mwandishi, akawaeleza wakuu yote aliyoyasikia. Yumo katika moja ya sura nilizozitaja. Jumamosi ijayo kila kikundi kije na jina lake na mstari, limeandikwa kwenye daftari, kwa kalamu, siyo kunisomea kwenye simu.

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, nimebakiza dakika tatu.